Maji Yakipwa, Ngoja: majibu ya maswali yenu ya safari za mashua Lamu na Malindi

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya bahari, nafikiri ni kwa vile kaskazi, upepo wa msimu wa kaskazini mashariki, imetulia na watu wanapanga likizo. Nimechagua yale ya maji madogo, yaani humu ndani baina ya visiwa, Lamu, Manda, Pate, Ndau mpaka Kiwayu, na kule Malindi ndani ya mwamba (baina ya pwani na matumbawe), maana ndo wengi wenu mnakopita na ndo vyombo vinakokwama. Maswali marefu nimeyakata kidogo, mnisamehe.

"Tulikuja Lamu wanne kutoka Thika, siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Tukapatana na nahodha atupeleke magofu ya Takwa saa mbili asubuhi. Kulipokucha akasema haiwezekani mpaka saa saba na nusu mchana, tukakaa tu gatini tunakunywa juisi ya ukwaju. Kufika Takwa tena anatuambia tusikae zaidi ya saa moja. Na pesa tulilipa ya siku nzima. Je, tulidhulumiwa?" – Msomaji, Thika

Hamkudhulumiwa, na ngoja nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu barua za namna hii zinakuja kila msimu na kila mara lawama inamwendea nahodha wakati mwenye amri ni maji.

Takwa iko kisiwa cha Manda, na ukitoka Lamu njia ya kuingilia ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko karibu ukate kisiwa chote. Maji yakijaa mashua inaingia vizuri kabisa, mikoko huku na huku, kimya, unasikia ndege tu. Maji yakipwa pale hapana bahari, pana tope. Siku nyingine mkienda tazameni mizizi ya mikoko, mtaona imegawika, chini imevaa chaza na tope mbichi, juu ni kavu ya kijivu, na pale inapogawika ndo maji hufika yakijaa, sa maji yakiwa yametoka ule mstari unakuwa juu ya kichwa cha mtu aliyekaa ndani ya mashua. Yote hayo ni maji ambayo hayapo. Hakuna nahodha atakayeyaleta kwa sababu wageni wamelipa.

Sasa saa. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku wake, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti ya juu na chini hapa kwetu inafika karibu mita 3 na bamvua kubwa inapita hapo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kama mita 1 tu, hayana nguvu. Na kwa pwani hii ya Kenya kuna jambo zuri la kukariri: siku za bamvua maji hujaa alasiri kama saa kumi au kumi na moja hivi, na hukupwa asubuhi saa nne saa tano. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa asubuhi saa nne saa tano.

Nyinyi mlikuja siku mbili kabla ya mpevu. Kwa hio hesabu yenu, saa mbili asubuhi maji yalikuwa yamekupwa kabisa, yaani mlichagua saa mbaya kuliko zote za siku ile. Yalijaa kama saa nane na nusu mchana. Nahodha akawatoa saa saba na nusu, mkaingia mkono ule maji yakiwa bado yanapanda, mkafika karibu na kujaa, na akawapa saa moja mtembee ili mtoke kabla mkono haujaanza kukauka. Angewaachia mkae mnavyotaka mngelala na mbu. Huyo ni nahodha anayejua kazi yake, na kama mna namba yake muiweke.

Kosa lake moja naliona na silifichi: angewaambia usiku ule mlipopatana. Mtu anayekubali saa mbili huku anajua maji ni ya mchana, kwa kuogopa wateja wasiende kwa mwenzake, anajitafutia ugomvi bure. Manahodha mnaosoma hapa, semeni ukweli wa maji kabla ya kushika pesa, mgeni akielezwa anaelewa.

Kwa wanaopanga kwenda Takwa, tazama kalenda ya Kiislamu, hio ndo rahisi. Tarehe 12, 13 au 27, 28 za mwezi wa kalenda hio maji yanajaa mchana, saa saba, saa nane mpaka tisa hivi, na yanakuwa na kina cha kutosha. Tarehe 8 au 9 na 22 au 23 yanajaa asubuhi, ni saa tamu kwa sababu jua bado halijakali, lakini ni maji mafu, mashua kubwa yenye watu wengi inaweza kugusa chini, bora muende na chombo kidogo. Na muende jamani. Mji ule ulikaliwa karne ya 16 na 17 kisha watu wakahama, wazee wanasema walivuka wakaja Shela, kisiwa cha Lamu, na mpaka leo watu wa Shela wanarudi pale kaburini kuomba mvua. Msikiti wake una nguzo kubwa imesimama juu ya ukuta wa kibla. Saa moja inatosha kuuona wote mkifika mkiwa mmevaa viatu na sio mnatafuta ndala zilizobaki topeni.

Hesabu hio hio itumieni Siyu na Pate mjini. Njia ya maji ya Siyu inapita mikokoni, maji yakitoka haipitiki. Pate mjini vilevile, ndo maana vyombo vingi vinashusha watu Mtangawanda ambako kuna kina, kisha watu wanaendelea kwa miguu au bodaboda. Ukiambiwa "tutashukia Mtangawanda" usidhani umefupishiwa safari.

"Nimenunua boti ya faiba futi 23, mkononi, na injini moja. Nataka kuwa natembeza familia ndani ya mwamba kutoka Malindi kushuka Watamu. Wavuvi wananiambia 'soma rangi ya maji' lakini hakuna anayenieleza rangi gani ni ipi. Nisaidie ami." – Baba Watatu, Malindi

Swali zuri sana na hongera kwa boti. Wanakuambia hivyo kwa sababu wao wamesoma tangu wadogo hata hawakumbuki walifundishwa lini.

Buluu nzito ni kina kirefu, hapo pita. Buluu inayoelekea kijani bado pana maji ya kutosha kwa boti kama yako. Kijani cheupe, kile kinachong'aa ambacho wageni wanakipiga picha, ni mchanga na maji ni machache, punguza moto, pandisha injini nusu, tazama chini. Ikiwa nyeupe kabisa simama. Sasa penye weusi au hudhurungi ndo penye kazi. Inaweza kuwa nyasi za baharini, ambazo hazikuumizi ila zinaweza kujizonga kwenye propela, inaweza kuwa matumbawe, ambayo yatakupasulia faiba, na inaweza kuwa kivuli cha wingu tu. Kivuli kinatembea, kitazame kidogo utajua. Nyasi zina ukingo laini, zinafifia taratibu kwenye mchanga. Tumbawe lina ukingo mkali na mara nyingi limezungukwa na rangi ya manjano au hudhurungi, na maji juu yake yanatetemeka tofauti na ya pembeni hata kama hakuna upepo. Ukishindwa kujua ni lipi, lihesabu ni jiwe na ulizunguke.

Lakini yote haya yanataka jua. Jua likiwa juu au mgongoni kwako unaona mpaka chini, jua likiwa usoni maji yote yanakuwa kioo na huoni kitu. Kwa hio tembea kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, na panga safari yako kwa jua: wewe unashuka kusini magharibi kuelekea Watamu, asubuhi jua linakuwa kushoto na nyuma yako, safi, alasiri ukishuka upande uleule linakuja kukupiga usoni, kwa hio nenda asubuhi urudi mchana. Vaa ile miwani ya kukata mng'aro, sio yoyote nyeusi ya mapambo. Na simama. Aliyekaa haoni, aliyesimama anaona, muweke kijana mwenye macho omo, yaani mbele ya chombo, asimame ashike kamba na asiguse simu.

Malindi ina tatizo lake ambalo Lamu hatuna sana, nalo ni mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara mto unashusha udongo mwekundu, na msimu wa kaskazi mkondo unausukuma udongo ule kushuka huku kwenye ghuba ya Malindi, msimu wa kusi, upepo wa kusini, unaupeleka kaskazini. Kwa hio baada ya vuli kukiwa na kaskazi unaweza kuamka ukakuta bahari rangi ya chai ya maziwa. Siku hio rangi haisomeki, hata mvuvi haioni, na wewe usiingie penye mawe kabisa. Wavuvi wanapita siku hizo kwa sababu wana alama zao za nchi kavu, wanalinganisha mti huu na mnara ule wanajua mlango wa mwamba, yaani upenyo wa kupita, uko wapi. Nawe anza kukusanya alama zako siku za maji safi. Kila ukipita mlango wa mwamba salama, geuka nyuma utazame pwani, uandike.

Jambo la mwisho kwako. Hifadhi ya bahari ya Malindi na ile ya Watamu zimelindwa tangu 1968, ni kati ya za mwanzo Afrika, na ukiingia na familia unalipia, huvui, huokoti hata kombe, na pakiwa na boya la kufungia unafunga boya badala ya kutupa nanga. Usione kama wanakusumbua. Tumbawe linakua polepole mno na nanga moja inavunja kazi ya miaka.

"Tulikuwa tunatoka Faza, kisiwa cha Pate, kurudi Amu (Lamu) na boti ya injini, tukapanda fungu la mchanga. Nahodha akakaza moto mpaka moshi, wapi. Tukakaa hapo mpaka usiku. Je, alifaa afanye nini?" – Msomaji, Mombasa

Azime injini, mara moja, kabla ya jambo lolote. Ukikaza moto juu ya fungu mambo mawili yanatokea, propela inachimba shimo na mchanga unakaa nyuma yako, halafu ile pampu ya maji ya kupoza injini inafyonza mchanga na matope, ndo huo moshi mliouona. Injini nyingi hapa kwetu zinakufa hivyo, sio uzee.

Akishazima, anatazama jambo moja tu: maji yanaingia au yanatoka? Kama yanaingia mmebahatika, tupeni nanga msisukumwe zaidi juu ya fungu kisha ngojeni, mtaelea wenyewe. Kama yanatoka basi kila dakika ni pesa. Na hapa watu hawajui jinsi maji yanavyokimbia. Maji yanachukua kama saa sita kutoka juu mpaka chini lakini hayashuki sawasawa, saa ya kwanza yanatoka kidogo tu, ya pili yanaongeza, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, nusu nzima ya maji yote inatoka katika saa hizo mbili, kisha yanapunguza tena. Siku ya bamvua ya mita 3 hio ni kama sentimita 75 kwa saa moja. Kwa hio boti iliyogusa chini katika saa ya tatu, ukibishana dakika kumi nani wa kulaumiwa, imeshakauka.

Kinachotakiwa ni haraka ya mwili. Pandisha injini juu. Watu wote wahamie upande ulio na maji mengi, au waende tezi, yaani nyuma, kama ni omo iliyopanda, boti nyepesi inaweza kuachia kwa hilo peke yake. Wanaume washuke, lakini na viatu, na waburute miguu wasinyanyue, samaki aitwaye taa anajificha mchangani na mwiba wake si mchezo. Wasukume kurudi kule mlikotoka, sio mbele, nyuma unajua pana maji kwa sababu mmetoka huko sasa hivi. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ifanye kazi hapo, na nahodha asiyebeba pondo kwa kuwa ana injini namshangaa sana. Na kama kuna mwenye kifua, achukue nanga aitembeze mpaka penye kina aitupe, kisha wote mvute kamba kutoka ndani, inasaidia kuliko kusukuma.

Yote haya ni kwa mchanga na tope. Kama ni jiwe usivute wala usisukume kwa nguvu, unapasua ubao au faiba, angalia kwanza kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, kama maji yanaingia.

Ikishindikana, ikakauka, basi kubalini. Nanga ichimbiwe upande wa kina, boti iwekewe kitu ubavuni isilale vibaya, abiria wapate kivuli, maji ya kunywa yagawanywe kwa kipimo, na mpige simu kabla chaji haijaisha muwaambie watu wa nyumbani mko wapi na mtaelea saa ngapi. Mkipanda fungu maji yakiwa yanatoka jueni mnangoja maji yote yashuke yapande tena mpaka palepale yalipokuwa. Mlipanda saa tatu baada ya kujaa, mtaelea saa tatu kabla ya kujaa kwingine, yaani kama saa sita na kitu. Mlipanda maji yalipojaa pomoni siku ya bamvua kubwa, hapo ni hadithi nyingine, kesho yake yasipofika palepale chombo kinaweza kukaa mpaka bamvua la mbele. Ndo sababu wazee hawakatishi juu ya mafungu saa ile ile maji yamejaa kabisa, wanapita yakiwa bado yanapanda, ili wakigusa waokolewe na maji yale yale.

"Nina programu ya ramani ya bahari kwenye simu, inaonyesha kina kila mahali. Bado nahitaji nahodha wa Lamu?" – Kijana wa Kilifi

Ndio.

Sikatai simu, mimi mwenyewe naitazama. Lakini zile namba za kina kwenye ramani zinahesabiwa kutoka maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa hio ukiona mita 1 unatakiwa ujumlishe maji ya saa ile, na saa ile unaipata kwenye jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, sio kwenye picha ya simu. Halafu mchanga unahama. Fungu lililokuwa hapa kabla ya kusi baada ya kusi limesogea, na hakuna anayekuja kupima kila mwaka kila upenyo wa Pate na Ndau. Anayejua lilipo ni mvuvi aliyepita jana. Chukua simu, chukua na nahodha, siku mkitofautiana mfuate yeye.

"Tunalala kwenye mashua usiku mmoja. Kamba ya nanga tuache ndefu kiasi gani?" – Msomaji, Shela

Mara tano ya kina, na kina uhesabu cha maji yakijaa, sio cha saa ile unayotupa. Hapo ndo wengi wanakosea, wanatupa nanga jioni kwenye mita 2, wanaacha kamba mita 10 wanaona wamemaliza, usiku maji yanapanda mita 3, kina kimekuwa 5, kamba imekuwa fupi, nanga inang'oka wanaamkia mikokoni. Kwa mfano huo acha mita 25. Na angalia kinyume chake pia, kama mmetupa maji yakiwa juu, je yakitoka chini yenu patabaki maji? Shusha kipande cha risasi kwenye kamba upime, mbele, nyuma, na pande zote chombo kitakakozungukia, kwa sababu mkondo ukigeuka nacho kinageuka. Tupa mchangani tu.

"Boti tuliyopanda ilikuwa ya watu kumi, tukapakiwa kama kumi na saba, maboya ya kuvaa yalikuwa manne na yamefungiwa ndani ya gunia. Nilinyamaza nisionekane muoga." – Msomaji wa kike, Witu

Dada yangu, shuka. Boti ikijaa, shuka ikiwa bado imefungwa gatini. Sheria inataka kila abiria awe na boya lake, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya na walinzi wa pwani wanaweza kuizuia boti kama hio isiondoke. Na kuna jambo la maji madogo hapa pia: boti iliyozidishwa inazama zaidi majini, ile sentimita ishirini nahodha aliyokuwa anategemea kupita juu ya fungu hana tena, kisha inagusa chini katikati ya mkondo, inapigwa wimbi ubavuni, watu wanakimbilia upande mmoja. Hivyo ndo boti inavyopinduka penye maji ambayo mtu mzima anasimama, na wanaokufa ni watoto na waliobanwa chini. Vaa boya ukiwa umeketi, sio utalitafuta baadaye. Muoga ni yule anayeogopa kusema.

"Mama yangu ana miaka 70 na kitu, kwao ni Pate lakini ameishi Nakuru tangu aolewe. Anataka kuiona tena Kiwayu kabla hajachoka kabisa. Magoti yanamsumbua na bahari inamtapisha. Nimpeleke au ni kumtesa?" – Binti yake, Nakuru

Mpeleke. Swali lako limenigusa nikaliweka mwisho ili nilijibu polepole.

Kwanza msimu. Usimlete katikati ya kusi, mwezi wa sita mpaka wa nane bahari ya nje inakuwa nzito na Kiwayu iko mbali, ni kama kilomita 50 kutoka Amu, kisiwa chembamba kirefu upande wa kaskazini kabisa. Mlete kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Kaskazi ikiwa inavuma mnaipata ya mbele mkienda na ya nyuma mkirudi, kwa hio kwenda tumia boti yenye injini muondoke asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, kurudi mkitaka mtweke tanga, mama atafurahi zaidi, tanga halina moshi wa petroli na kinachotapisha wazee wengi ni ule moshi kuliko wimbi.

Mwambie nahodha mpite ndani, Mkanda (mkono wa bahari baina ya Manda na bara), kisha baina ya Pate na bara, maji yanakuwa yametulia, msipite nje ya Manda. Na ndio, kupita ndani kunataka maji, kwa hio siku ya safari ichaguliwe na nahodha, wewe chagua wiki tu. Lala Amu siku moja kabla, usimtoe kwenye basi Mokowe ukamtia moja kwa moja kwenye boti nyingine.

Mkalishe tezi, karibu na usukani, sio omo. Omo inapanda na kushuka, tezi inatulia. Godoro dogo chini, turubai juu, mgongo uwe na kitu cha kuegemea. Ale kitu kikavu kabla ya kuondoka, mkate wa mofa au biskuti, asiingie na tumbo tupu na wala asishibe viazi vya nazi. Tangawizi anyonye. Atazame mbali, pwani, asitazame ndani ya boti. Na choo, hili watu wanaona haya kuuliza: mwambie nahodha kabla hamjaondoka msimame mahali, Faza au Kizingitini, hata kama hajaomba, kwa sababu mama wa umri huo atakaa bila kunywa maji siku nzima ili asisumbue, na jua lile bila maji linamwangusha.

Kupanda na kushuka ndo sehemu ya kuangalia kwelikweli. Ngazi za gati za Amu maji yakitoka zinabaki na ule ukoga wa kijani, zinateleza vibaya, hata vijana wanaanguka. Mpandisheni maji yakiwa yamejaa, boti inakuja sawa na ngazi ya juu iliyo kavu, anavuka hatua moja, vijana wawili wanamshika kwenye viwiko sio kumvuta mikono. Kiwayu hivyo hivyo, mfike maji yakiwa juu ili boti isogee mpaka mchangani, la sivyo atatembea kwenye tope na mawe mita nyingi na magoti yale. Akikataa kubebwa msimlazimishe, wekeni ubao.

Mkifika mwacheni akae chini ya kivuli upande wa ndani, unaotazama bara, ndo wenye maji ya kutulia. Upande wa nje ni bahari kuu. Eneo lote lile liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, imelindwa tangu 1979, na kasa wanataga fukwe za huko, kwa hio mkiona alama za kupanda kwenye mchanga zipiteni mbali, na usiku msimulike ovyo. Plastiki zenu rudini nazo. Kamba wa kula walio bora wanatoka maji yale ya Kizingitini na Kiwayu, waulize wavuvi asubuhi mnunue kwao moja kwa moja.

Na mwambie nahodha mapema, siku mnayopatana, kwamba kuna mtu mzima na ametokea Pate. Atauliza ni wa ukoo gani, na mkishaelewana hapo hutahitaji kumkumbusha habari ya godoro.